Usimamizi wa Uzalishaji: Mafunzo Kutoka Njia ya Kigwa

Mwanafunzi akiulizwa afanyeje ili shamba, karakana au kiwanda kitoe mazao mengi zaidi, aghalabu jibu lake la kwanza huwa fupi: watu waongezwe, na kila mmoja atie bidii zaidi. Jibu hili lina heshima yake, kwa kuwa hakuna kazi inayostawi bila bidii. Hata hivyo halitoshi, na mara nyingine huleta hasara badala ya faida. Makala hii ina kusudi la kueleza kwa nini ni hivyo. Mifano yetu tutaitoa katika Kigwa, kijiji cha Wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora, ambako njia kuu ya misafara ilipita katika karne ya 19 na ambako leo wakulima wa eneo hilo hulima tumbaku.

Usimamizi wa uzalishaji ni elimu ya kupanga, kuongoza na kurekebisha kazi zinazogeuza kitu kimoja kuwa kingine chenye manufaa zaidi, au zinazokitoa kitu mahali kisipohitajika na kukifikisha kinapohitajika. Mfinyanzi hugeuza udongo kuwa chungu. Reli huitoa shehena bandarini na kuifikisha bara. Kazi hizi mbili ni tofauti kwa sura, lakini maswali ya msimamizi ni yaleyale: Tunaweza kutoa kiasi gani kwa siku? Kitu kimoja huchukua muda gani tangu kuanza hadi kumalizika? Kuna vitu vingapi vilivyoanzwa na bado havijakamilika? Maswali haya matatu tutayaita la uwezo, la muda na la akiba.

Msafara kama kiwanda

Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikavuka nyika kavu ya Mgunda Mkali, kisha ikapitia Tura, Rubuga na Kigwa kabla ya kuingia Tabora. Kutoka hapo iliendelea hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipelekwa bara. Pembe za ndovu zilishuka pwani, na pamoja nazo watu waliotekwa na kufanywa watumwa. Hatuwezi kuisoma njia hii kwa haki tukisahau jambo hilo la mwisho. Mzigo mwingi ulichukuliwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, yaani ratili 70 au kilo 32 hivi.

Henry Morton Stanley alipojiandaa huko Unguja mwanzoni mwa mwaka 1871, swali lake la kwanza lilikuwa la akiba. Katika njia hii nguo ndiyo iliyonunua chakula. Wafanyabiashara wenye uzoefu walimweleza kwamba watu 100 wangehitaji doti 10 za nguo kila siku kwa posho, na doti moja ni yadi nne. Basi kwa mwaka mmoja hesabu ni hii:

doti 10 × siku 365 = doti 3,650

Lakini jumla peke yake haikutosha. Watu wa mahali pamoja walipenda merikani, wa mahali pengine kaniki, na wengine nguo za rangi. Kwa hiyo hesabu ya mwaka iligawanywa: merikani doti 2,000, kaniki doti 1,000, na nguo za rangi doti 650. Hapa pana somo la kwanza. Akiba haipimwi kwa wingi tu, hupimwa pia kwa kulingana na mahitaji. Ghala lililojaa kitu kisichotakiwa halina tofauti kubwa na ghala tupu. Tena hilo lililojaa limekwisha kumeza fedha.

Swali la pili lilikuwa la mpango wa safari. Stanley hakuwatoa watu wake wote kwa siku moja. Aliwagawa katika misafara mitano. Wa kwanza ulitoka Bagamoyo tarehe 18 Februari 1871, na wa mwisho, wake mwenyewe, tarehe 21 Machi. Wapagazi hawakupatikana wote kwa pamoja, hivyo waliokuwa tayari hawakulazimika kuwangoja wengine. Kuna na sababu nyingine ambayo mwanafunzi anaweza kuifikiri mwenyewe. Kisima kinachotosha watu 40 kwa jioni moja hakitoshi watu 200 wakifika pamoja, ingawa kingewatosha watu haohao kama wangefika kwa mafungu katika siku mbalimbali. Kazi ikigawanywa katika mafungu madogo, hatua ndogo ya njiani huweza kuhudumia jumla kubwa.

Stanley aliingia Unyanyembe, eneo la Tabora, tarehe 23 Juni 1871, baada ya siku 94. Njia hiyo ilikuwa na maili 525 hivi, yaani karibu kilomita 845. Tukigawanya, tunapata kilomita tisa kwa siku. Mtu mwenye afya hutembea kilomita tisa kwa saa mbili tu! Muda uliobaki ulikwenda wapi? Ulikwenda katika kungoja: kungoja hongo ijadiliwe, kungoja wagonjwa, kungoja chakula kinunuliwe, kungoja mito ipungue. Hali hii si ya misafara ya zamani peke yake. Katika karakana nyingi za leo, kitu kinachotengenezwa hukaa muda mrefu zaidi kikingoja zamu yake kuliko kinachokaa mikononi mwa fundi. Msimamizi anayetaka kupunguza muda na aanze kwa kuuliza kazi inangoja nini, kabla ya kuuliza nani anafanya polepole.

Hatua finyu

Tazama sasa kisa cha pili, kilichotokea Kwihara, karibu na Tabora. Mwezi Februari 1872 Stanley na David Livingstone walifika hapo wakitoka Ujiji. Stanley aliondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi, akimwachia Livingstone nguo, shanga na vifaa vya safari. Akiba ilikuwapo, njia ilijulikana, na msafiri mwenyewe alikuwa na shauku ya kuendelea. Jambo moja tu lilikosekana: watu wa kuchukua mizigo. Ilibidi waajiriwe pwani na kutumwa bara. Walifika tarehe 14 Agosti, na Livingstone akaondoka Kwihara tarehe 25 mwezi huo. Kwa miezi mitano shehena yote ile haikusogea hata hatua moja.

Je, kama Stanley angemwachia nguo mara mbili zaidi, Livingstone angeondoka mapema? La, asingeondoka. Kanuni tunayoipata hapa ndiyo msingi wa makala hii:

Katika kazi yenye hatua zinazofuatana, kiasi kinachotoka mwishoni hakiwezi kuzidi kiasi kinachopita katika hatua yenye uwezo mdogo kuliko zote.

Hatua hiyo tutaiita hatua finyu. Kuongeza nguvu mahali pengine popote hakuongezi mazao, huongeza mrundikano tu.

Hatua finyu haikai mahali pamoja siku zote. Mwaka 1871 Stanley alipopita Rubuga aliikuta imeharibiwa kwa vita, na Kigwa nayo ilikuwa imepatwa na mkasa huohuo. Kijiji kilichouza nafaka kwa misafara kikiteketea, wenyeji ndio wanaopoteza kwanza, tena wanapoteza zaidi. Baada yao hupoteza msafara, kwa kuwa pale palipokuwa pepesi pamekuwa pagumu: chakula cha kuivusha safari hadi kituo kinachofuata hakipo. Msimamizi aliyepanga safari kwa ramani ya mwaka uliopita atashikwa na njaa.

Reli ya Kati nayo inatii kanuni hiyohiyo. Ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Hivyo safari ya miezi ikawa ya siku. Lakini reli hiyo ya geji ya mita moja ilijengwa kwa njia moja, na treni zinazokutana hupishana stesheni tu. Tuseme kipande kirefu kuliko vyote kati ya stesheni mbili za kupishania huchukua dakika 45. Treni moja ikienda na nyingine ikirudi, dakika 90 zimekwisha. Kwa saa 24, yaani dakika 1,440, haziwezi kupita hapo zaidi ya jozi 16 za treni, hata kama vipande vingine vyote huchukua dakika 20 kila kimoja. Kununua vichwa vipya vya treni hakutaongeza jozi ya 17. Kujenga mahali pa kupishania katikati ya kipande hicho kirefu kutaongeza.

Uhusiano wa akiba, kasi na muda

Mfanyabiashara wa Tabora anataka kupokea mizigo 10 ya nguo kila mwezi, na safari kutoka pwani huchukua miezi mitatu. Ni mizigo mingapi itakuwa njiani wakati wowote? Mizigo iliyoondoka mwezi huu, mwezi uliopita na mwezi uliotangulia huo, yote bado inatembea. Hesabu yake ni:

vilivyo njiani = kasi ya kufika × muda wa safari
mizigo 30 = mizigo 10 kwa mwezi × miezi 3

Vita vikizuka na safari ikawa ya miezi minne, mizigo iliyo njiani haina budi kuwa 40. Mfanyabiashara atalazimika kutoa fedha za mizigo 10 zaidi, bila kuongeza mauzo hata kidogo. Mwaka 1961 John Little, mtaalamu wa Marekani, alithibitisha kwa hisabati kwamba uhusiano huu ni wa kweli kwa mfumo wowote uliotulia, uwe foleni ya zahanati, ghala la bandari au mstari wa kiwanda. Katika kiwanda cha Ford huko Marekani, mwaka 1913, magari yalipoanza kuunganishwa kwenye mstari unaotembea, muda wa kuunganisha fremu moja ulipungua kutoka saa 12 na nusu hadi dakika 93. Kanuni inatuambia matokeo yake: kwa idadi ileile ya magari ya siku, fremu zilizo nusu kazi zilipungua sana, na nafasi na fedha zilizofungwa humo zikafunguliwa.

Bani la tumbaku

Turudi sasa Kigwa ya leo. Tumbaku ina madhara makubwa kwa afya ya mvutaji, na kuni za kuikaushia zimekula sehemu kubwa ya misitu ya miombo. Mambo hayo mawili yanastahili makala zao. Hapa tunaitazama kwa sababu ni kazi ambayo wanafunzi wengi wa Tabora huiona nyumbani kwao, na kwa sababu hesabu mbaya katika kazi hii huiachia familia deni la mbolea la mwaka mzima.

Majani ya tumbaku hukomaa kuanzia chini kwenda juu. Kila juma mkulima huchuma majani machache kwa kila mche. Majani yaliyochumwa hufungwa kwenye fito na kupangwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia lenye tanuri. Kwanza huachwa yageuke rangi kuwa njano katika joto la nyuzi 35 hivi za Selsiasi; kisha joto hupandishwa taratibu ili jani likauke, na mwisho hufikishwa nyuzi 70 hivi ili ukanda wa katikati ya jani nao ukauke. Hatua hizi haziharakishwi. Anayepandisha joto mapema huipata tumbaku yenye rangi mbaya na bei ya chini.

Tuchukue mkulima wa mfano, ambaye tarakimu zake tumezibuni kwa ajili ya somo. Bani lake hubeba fito 280. Kukausha huchukua siku sita. Kupoza, kutoa, kusafisha na kupakia upya huchukua siku mbili. Mzunguko mzima basi ni siku nane, na uwezo wa bani ni:

fito 280 ÷ siku 8 = fito 35 kwa siku

Watu wake huweza kuchuma majani ya fito 60 kwa siku, kufunga fito 80, na kupanga madaraja fito 50. Shamba lenyewe, kwa ukubwa wake, wakati wa kilele hukomaza majani ya fito 55 kwa siku. Hatua finyu ni ipi? Ni bani. Kila siku majani ya fito 20 yanakosa nafasi. Yakiachwa shambani yanapita kiwango cha kukomaa. Yakichumwa na kurundikwa yanapata joto na kuoza. Mkulima huyu akiajiri wachumaji zaidi, atawalipa ujira ili waharakishe kuoza kwa mali yake. Hakuwa mvivu hata siku moja. Kosa lake lilifanyika miezi mingi nyuma, siku alipopima shamba bila kupima bani.

Afanyeje? Elimu ya usimamizi wa uzalishaji inapendekeza hatua nne, na mpangilio wake ni muhimu.

Kwanza, aitambue hatua finyu. Aghalabu hujionyesha yenyewe: mrundikano huwa mbele yake, na hatua inayoifuata hukaa ikingoja.

Pili, aitumie hatua hiyo kikamilifu kabla ya kutoa fedha. Fito za awamu inayofuata zikiwa zimekwisha kufungwa siku bani linapofunguliwa, na watu wote wakasaidia kutoa na kupakia, siku mbili zaweza kuwa moja. Mzunguko utakuwa siku saba, na 280 ÷ 7 ni fito 40. Ameongeza fito tano kwa siku bila kununua tofali moja. Angalia tofauti hii kwa makini: saa iliyopotea katika kufunga fito hufidiwa kesho, kwa kuwa uwezo wa ziada upo, saa iliyopotea katika bani imepotea kwa shamba zima.

Tatu, azifanye hatua nyingine ziifuate hiyo. Achume kiasi kile tu bani litakachopokea. Apande kwa awamu mbili zinazopishana kwa majuma kadhaa ili kilele cha kukomaa kipungue. Hapa mfunga fito atakayeonekana ameketi kwa saa moja asikaripiwe. Kazi yake imelingana na uwezo wa bani.

Nne, kama bado haitoshi, apanue hatua finyu. Bani la pili kama la kwanza litaleta uwezo wa fito 80 kwa siku. Lakini mazao hayatakuwa 80, kwa kuwa shamba hutoa 55 na kupanga madaraja ni 50. Hatua finyu imehama, na uchunguzi unaanza upya. Kabla ya kujenga, apime pia gharama ya kuni na tofali dhidi ya thamani ya fito zinazookolewa katika majuma machache ya kilele. Huenda akaona kwamba kupunguza shamba na kulitunza vizuri kuna faida zaidi.

Hapa inafaa kuongeza jambo moja kuhusu akiba. Tumbaku iliyokauka na kuhifadhiwa vizuri yaweza kungoja kupangwa madaraja kwa majuma kadhaa. Jani bichi haliwezi kungoja hata siku chache. Mrundikano mbele ya hatua ya madaraja basi ni usumbufu, na mrundikano mbele ya bani ni msiba. Msimamizi mwema huweka akiba yake pale inapovumilia kungoja.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kuionyesha kanuni hii kwa punje za mahindi. Wanafunzi wanne wakae kwa safu. Kila mara mwalimu apigapo kofi, wote kwa pamoja wapitishe punje kwa jirani: wa kwanza sita, wa pili nane, wa tatu tatu, na wa nne atoe tano, kila mmoja akipitisha zile tu alizonazo. Baada ya makofi 20, punje zilizotoka zihesabiwe, na kila rundo lihesabiwe. Kisha wa kwanza apitishe 10 badala ya sita, na jaribio lirudiwe. Wanafunzi wataje wenyewe ni nini kimeongezeka na ni nini hakikuongezeka.

Nilikutana na kanuni hii kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi ng'ambo, katika kitabu kilichojaa picha za viwanda vya magari, nikadhani ni elimu ya watu wenye mitambo. Niliporudi na kusimama mbele ya bani lenye foleni ya fito zilizoanza kunyauka, niliona kwamba mitambo haikuwa sharti lake. Sharti ni kuhesabu, na kuhesabu kabla ya kupanda. Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka. Tunaweza kuongeza kwamba haraka iliyo mbali na hatua finyu haina hata mazao.

Maswali

1. Kikundi cha wakulima hupura gunia 12 za mpunga kwa siku, huanika gunia tisa, hukoboa 20 na hufungasha 15. Taja hatua finyu. Kikundi kinataka kukopa ili kununua mashine ya pili ya kukoboa; utawashauri nini?

2. Duka linauza katoni 12 za sabuni kwa mwezi, na bidhaa huchukua miezi miwili na nusu tangu kulipiwa hadi kufika. Ni katoni ngapi zimelipiwa na bado ziko njiani?

3. Bani la fito 320 lina mzunguko wa siku nane, na siku sita kati ya hizo ni za kukausha. Mkulima anataka fito 50 kwa siku. Mzunguko uwe wa siku ngapi? Jadili kama jambo hilo linawezekana bila kujenga bani jingine.

4. Chunguza foleni ya chakula au ya maji shuleni kwenu kwa siku tatu. Pima uwezo wa kila hatua, utaje hatua finyu, na upendekeze badiliko moja lisilohitaji fedha.